Fumo Liongo, maiti aliyezuia mji kuteka maji

Ukiwa Garsen, kaburi la Fumo Liongo haliko mbali. Unashika barabara ya Lamu, unapita Witu, unateremka hadi Kipini mahali Mto Tana unapoingia baharini. Hapo jirani, Ozi, wenyeji watakuonyesha panaposemwa ndipo alipozikwa. Huenda shuleni ulimjua kama bingwa wa mishale na mashairi, mtihani ukaisha, mkaachana. Hebu leo mtazame upande wa maji.

Hadithi yake iliyochapishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1870 inamweka mji wa Shanga. Alikuwa mtu wa ukoo wa kifalme, jitu la mtu, fundi wa upinde, na juu ya hayo malenga. Sasa mtu kama huyo akipendwa na watu, mtawala analala usingizi gani? Wakamtegea. Vijana walikula kikoa cha makoma, kila mmoja akipanda mkoma kwa zamu, ili zamu ya Liongo ikifika wampige mishale akiwa juu. Yeye hata hakupanda. Aliyadungua makoma kwa mishale yake akiwa chini, wenzake wakabaki kutazamana.

Wakamfunga kwa minyororo. Mama yake akampelekea mkate wa wishwa, mkate duni ambao askari hawangeutamani, na ndani yake tupa. Usiku ngoma ya gungu iliporindima nje, Liongo alikereza minyororo. Kelele zikamficha, akatoka.

Kilichobaki ni mwanawe. Aliahidiwa ukubwa na mke iwapo atajua siri ya baba. Baba akamwambia, hali akijua anachotafutwa: sindano ya shaba kitovuni, basi. Kijana akamdunga amelala.

Hapa ndipo ningependa ukae kidogo. Liongo aliamka na maumivu, akachukua upinde, lakini hakwenda kwa mfalme. Alikwenda kisimani. Akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafa vivyo hivyo. Asubuhi waliokuja kuteka wakamwona, wakatimua mbio. Siku tatu mji mzima haukupata maji. Mji wenye askari na mfalme ulizuiwa na maiti! Ilibidi mama yake aombwe aende kumbembeleza, naye akaenda siku baada ya siku, hadi mwili ulipoanguka.

Wala si hadithi tupu. Wanaakiolojia waliochimba Shanga, kisiwa cha Pate, miaka ya 1980 walikuta kisima katikati ya mji wa kale. Pwani hii maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, na ukichimba kupita kiasi unaharibu yote. Kisima kizuri kilikuwa roho ya mji, na aliyekishika aliushika mji.

Je, sisi tumetoka huko? Miji ya kandokando ya Tana inapita karibu na mto mrefu kuliko yote Kenya, lakini maji yake ni tope. Lazima yavutwe kwa pampu, yatiwe shabu tope litulie, yachujwe, yatiwe klorini, kisha ndiyo yaingie mferejini. Pampu moja ikilala, au mafuriko yakizoa mabomba, utaona mikokoteni ya punda na mitungi ya lita 20 barabarani. Pampu iliyokufa haina hata mama wa kumtuma.

Na wafugaji nao wana malka, njia za kushukia mtoni kunywesha mifugo. Mashamba yakizifunga, kisa cha kisimani kinarudi, safari hii na damu. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika eneo hili la delta, na ugomvi wa maji na malisho ulikuwa miongoni mwa sababu.

Mwanawe Liongo, usije ukauliza, hakupata mke wala ukubwa. Mwili ulipoanguka waliikuta sindano, wakamzika baba, nao wakamuua mtoto. Kule Ozi leo adui ni chumvi: mto ukikosa nguvu bahari hupanda, mpunga unakauka, na visima vinakuwa vya maji ya magadi.