Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Mwanachuoni Aliyeuchunguza Mji Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, wanafunzi wa darasa letu hapa Mbaraki wametutaka tuwaandikie habari za mmoja katika wanavyuoni wa kisiwa hiki cha Mvita, nasi tumemkhitari Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sababu ya kumkhitari yeye ni hii. Siku hizi vyuo vikuu vya dunia vyafundisha namna ya kuchunguza hali za Waislamu kwa kuchukua mji mmoja, au msikiti mmoja, au jambo moja katika ada za watu, na kulitazama kwa makini mpaka lijulikane asili yake na matokeo yake. Vijana wetu wakisikia hayo hudhani kuwa ni ilmu ngeni iliyotoka ng'ambo, na kwamba kazi yetu sisi ni kuchunguzwa tu. Lakini atakayesoma maisha ya Sheikh Al-Amin ataona ya kuwa mtu wa Mombasa alikwisha kuishika kazi hiyo tangu mwaka 1930, tena aliifanya kwa lugha ya watu wake na kwa ajili ya watu wake.

Sheikh alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo wa Mazrui uliopata kuutawala mji huu kabla ya utawala wa Mabusaidi. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, na watu wengi walisoma kwake. Msimamo wake katika mambo ya madhehebu haukumpendeza Sayyid Barghash wa Unguja, naye akamtia kifungoni. Hakutoka mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888. Basi mtoto huyu alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuonja thamani ya kusema mtu analoliamini.

Lakini hakuruzukiwa kusoma kwa baba yake. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mwanawe yungali mdogo sana. Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alipokua alivuka kwenda Unguja, akasoma kwa mabahari wawili wa ilmu wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Kwao alipata fikihi, tafsiri, hadithi na lugha ya Kiarabu, na akapata pia adabu ya mwanafunzi kwa mwalimu, ambayo, kama tutakavyoona, haikumtoka hata alipokhitalifiana na wakubwa zake.

Zaidi ya vitabu vya darasani, Sheikh alikuwa akisoma magazeti ya Misri, na hasa Al-Manar, lililoanzishwa Cairo mwaka 1898 na Sayyid Rashid Ridha, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Humo aliona wanavyuoni wakijiuliza swali ambalo huku kwetu lilikuwa halijaulizwa kwa sauti: Waislamu waliotangulia walikuwa na ilmu na nguvu; je, ni kitu gani kilichowafanya waliokuja nyuma wawe dhaifu?

Hapana mji uliohitaji swali hilo kuliko Mombasa ya zama zile. Tangu mwaka 1895 Mwambao ulikuwa chini ya himaya ya Waingereza, ingawa bendera ya Sultani ilikuwa ikipepea juu ya Ngome. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901. Mwaka 1907 utumwa ulikomeshwa kwa sheria, na wenye mashamba wengi hawakuwa na njia nyingine ya kuyalima. Kuanzia mwaka 1908 ikaja sheria ya kuandikisha ardhi, na wengi wakauza vipande vyao, fedha zikaisha na ardhi haikurudi. Makao ya serikali nayo yalihamia Nairobi. Bandari ya Kilindini ikakua upande huu wetu wa kisiwa, na bandari ya majahazi kule Mji wa Kale ikapungua. Kazi za maofisini zilitaka Kiingereza na hesabu, na watoto wa Kiislamu wengi hawakuwa navyo, kwa kuwa wazazi wao walichelea kuwapeleka katika skuli za wamishonari, wala hawakuwa wamejenga skuli zao wenyewe.

Katika hali hiyo Sheikh alianza mwaka 1930 kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu hizo ndizo herufi walizokuwa wakizisoma watu wa kawaida waliopita chuoni. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti kubwa zaidi, Al-Islah, lenye Kiarabu na Kiswahili. Halikuishi muda mrefu, lakini lililofanywa lilikuwa limekwisha fanywa: kwa mara ya kwanza Waislamu wa Mwambao walisoma mambo ya mji wao yakipimwa kwa dini yao, katika lugha waliyonyonya kwa mama zao.

Tutazame njia yake, kwani hapo ndipo penye faida. Waidhi wengi husema kwa jumla: watu wameharibika, zama zimekuwa mbaya, tutubie. Maneno hayo ni kweli, lakini kila asikiaye hudhani kuwa yamemkusudia jirani yake. Sheikh alikuwa akichukua jambo moja linalojulikana na kila mtu mtaani, kisha akilifuata hatua kwa hatua. Akisema juu ya israfu za harusi na za matanga, humwonyesha msomaji nyumba iliyofiwa ikiwakopea watu chakula, na deni likibaki baada ya wageni kwenda zao. Kisha huuliza sheria imesema nini, na ada imetoka wapi, na nani aliyefaidika, na nani aliyepata hasara. Akimaliza, msomaji hawezi tena kusema kuwa hakuelewa.

Na vivyo hivyo katika jambo la kuwaiga Wazungu. Hakusema kila kitokacho kwao ni haramu, wala hakusema kila kitokacho kwao ni ustaarabu. Alipambanua. Aliona vijana wakichukua mavazi na ulevi na kiburi, na huku wakiacha bidii ya kazi, kutunza wakati, kupenda ilmu na kushirikiana kwa ajili ya taifa, ambazo ndizo zilizowapa wenzao nguvu, tena ni mambo yaliyoamrishwa na Uislamu kabla yao. Alihimiza masomo ya dunia pamoja na ya dini, na alitaka watoto wa kike wasiachwe katika ujinga, kwa kuwa mama ndiye mwalimu wa kwanza wa nyumba.

Jambo jingine alilolishikilia ni kuwategemea viumbe badala ya kumtegemea Muumba: kuweka nadhiri makaburini, kuwaogopa mizimu, kununua hirizi. Sisi watu wa Mbaraki hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mnara wetu wa mawe ulikuwako kabla ya mwaka 1728, kwani waonekana katika ramani ya Wareno ya mwaka huo. Na msikiti ulio kando yake asili yake ni ya zamani zaidi. Msikiti huo uliachwa ukawa gofu, na mahali palipokuwa pakisujudiwa Mwenyezi Mungu pakaendewa na watu wenye ubani na mawaridi, wakitaka haja zao kwa pepo. Baadaye ulijengwa tena na swala ikarudi. Mwenye kuyatazama haya mawili, swala ilivyoondoka na pepo walivyoingia, ataelewa alichokuwa akikihofia Sheikh. Imani haikai tupu. Ilmu ikihama, kitu kingine huja kikakaa mahali pake.

Mwaka 1932 Sheikh alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka kufa kwake. Hapa pana jambo lisilofaa kufichwa. Ukadhi ulikuwa kazi chini ya serikali ya kikoloni, na mtu aliyekuwa akiwahimiza Waislamu wasiwe mikia ya wageni sasa alikuwa akila mshahara kwao. Wako watakaoona kuwa ni kujipinga mwenyewe. Sisi twaona kuwa angekikataa kiti kile, kingekaliwa na mwingine, na mirathi ya mayatima na talaka za wanawake zingeamuliwa na asiyekuwa na ilmu yake wala uchaji wake. Lakini twakiri kuwa gharama yake ilikuweko: mtu mmoja hawezi kuamua kesi mchana kutwa na kuandika gazeti usiku kucha kwa miaka mingi.

Hata hivyo kalamu yake haikukauka. Alianzisha Madrasat al-Ghazali hapa Mombasa, na akawaandikia watoto vitabu vya kusomea dini. Mwaka 1944 makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi, kwa herufi za Kirumi, ili wazisome na wale waliosoma skuli. Aliandika kwa Kiarabu tarehe ya Mazrui na utawala wao, kitabu kilichokuja kuchapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Na alianza tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Ile ya kwanza iliyochapishwa, mwaka 1923, ilikuwa imefanywa na padri, Godfrey Dale, na Sheikh aliona ni aibu Waislamu wa Mwambao wasomewe Kitabu chao na mtu asiyekiamini. Hakuwahi kuimaliza.

Wapinzani hakuwakosa. Wako waliomwita Wahabi, na wako waliosema kuwa anavunja heshima ya masheikh waliotangulia. Tukumbuke kuwa walimu wake wa Unguja walikuwa watu wa tarika ya Alawiyya, na kwamba baadhi ya mambo aliyoyapinga wao hawakuyaona kuwa na ubaya. Naye hakuwatukana hata siku moja. Alitofautisha baina ya kupinga jambo na kumdharau mtu. Na wale waliokhitalifiana naye, kama wanavyuoni wa Riyadha ya Lamu na wafuasi wao, nao walikuwa watu wa ilmu wenye mapenzi ya Mtume, na wamewasomesha maskini na wanyonge ambao wengine hawakuwajali. Baada yake baadhi ya walioshika njia yake walizidisha ukali wa maneno, na misikiti ikagawanyika kwa mambo ambayo yangeweza kuzungumzwa kwa upole. Hili ni jeraha ambalo mji wetu haujapona, na dawa yake imo katika mwendo wa Sheikh mwenyewe.

Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja alimhesabu kuwa mwalimu wake. Wote wawili walipata kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya, na wote wawili walifariki mwaka 1982. Sheikh Farsy aliikamilisha tafsiri ya Qurani nzima kwa Kiswahili mwaka 1969, na hivyo lile aliloliazimia mwalimu likatimizwa na mwanafunzi. Mwanawe Sheikh, Profesa Ali Mazrui, aliyekuwa kijana wa miaka 14 baba yake alipokufa, alikuja kujulikana ulimwengu mzima kwa ilmu ya siasa. Alifariki Marekani mwaka 2014 akazikwa hapa Mombasa.

Na sasa wachunguzi wamekuja kumchunguza mchunguzi. Mwaka 1981 Randall Pouwels aliandika makala juu ya Sheikh na fikra zake za islahi. Kai Kresse, Mjerumani aliyekaa Mji wa Kale akisikiliza wenyeji, alitoa mwaka 2007 kitabu juu ya watu wa fikra wa Mombasa, na mwaka 2017 yeye pamoja na Hassan Mwakimako, mwanachuoni wa huku kwetu, wakaichapisha Uwongozi kwa Kiswahili na Kiingereza. Twawashukuru. Lakini yapasa tuone haya kidogo kwamba kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya barza zetu chasomwa zaidi Uholanzi na Marekani kuliko Kibokoni.

Basi ndugu zetu, faida ya kusoma maisha ya mtu huyu si kumsifu, kwani yeye sasa hana haja ya sifa zetu. Faida yake ni kuishika njia yake. Kila mwanafunzi wa darasa letu na achague jambo moja katika mtaa wake: madrasa moja, alitazame kwa nini watoto wake huacha kuja wakifika miaka kumi na miwili, wakfu mmoja, afuate mapato yake yaenda wapi, harusi moja, ahesabu deni lililobaki. Aulize kwa adabu, aandike alichokiona wala asiongeze, kisha akipime kwa dini na akili. Asimtaje mtu kwa jina wala asimvunjie heshima, kwa kuwa yanayotafutwa ni maradhi, si aibu ya mgonjwa. Tutakutana na kuyasoma mbele ya wazee, na lenye kuweza kutengenezwa tulitengeneze.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin na walimu wake na wanafunzi wake, na waliokubaliana naye na waliokhitalifiana naye kwa nia njema, na atujaalie sisi kuwa watu wanaoona kabla ya kusema, na wanaotenda baada ya kuona. Amin.