Robert FitzRoy, Mwanamaji Aliyezitangulia Dhoruba

Jina la Robert FitzRoy hutajwa mara nyingi kwa ajili ya abiria wake mmoja. Kijana Charles Darwin alisafiri naye katika merikebu iliyoitwa Beagle tangu mwisho wa mwaka 1831 hata Oktoba 1836, na sifa zote za safari ile zikamwendea abiria, si nahodha. Lakini mabaharia na wavuvi wa Uingereza wanayo sababu nyingine ya kumkumbuka nahodha huyo. Yeye ndiye aliyeanzisha katika nchi yake kazi ya kuzifuatia dhoruba kwa msaada wa simu ya waya, na kuwapa watu wa pwani habari zake kabla hazijawafikia. Kazi hiyo aliifanya kama afisa anayelinda lindo: alilipeleka onyo mapema, ingawa alijua kwamba likikosea lawama ni juu yake.

Alizaliwa tarehe 5 Julai, 1805, huko Ampton katika jimbo la Suffolk. Ukoo wake ulikuwa wa kitukufu. Babu yake, Duke wa Grafton, aliwahi kuwa Waziri Mkuu, na nasaba yao ilitoka kwa Mfalme Charles wa Pili. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitiwa katika chuo cha wanamaji cha Portsmouth, na mwaka 1824 alipofanya mtihani wa kupandishwa cheo kuwa luteni alipata alama zote bila kukosa hata moja. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyefanya hivyo. Tangu ujana wake alijulikana kuwa mtu wa kutimiza wajibu kwa ukamilifu, mwepesi wa hasira, na asiyejisamehe kosa.

Kosa lenyewe lilikuja upesi. Mwaka 1828 nahodha wa Beagle, aliyelemewa na upweke na baridi ya ncha ya kusini ya Amerika, alijitoa uhai, na FitzRoy akapewa merikebu hiyo akiwa na miaka 23 tu. Mwezi wa Januari 1829, karibu na mlango wa Mto Plate, zebaki katika kipimahewa ilishuka. FitzRoy aliiona, wala hakuchukua hatua ya kutosha. Upepo mkali uitwao pampero ukaipiga merikebu kwa ghafla, ukaivunja milingoti, na mabaharia wawili wakatupwa baharini wakafa. Tangu siku hiyo hakukidharau tena kipimahewa.

Yafaa hapa kukieleza chombo hiki, kwa kuwa maisha yake yote yalikizunguka. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, na uzito huo husukuma zebaki ipande ndani ya bomba la kioo. Dhoruba inapokaribia uzito wa hewa hupungua, na zebaki hushuka. Ikishuka polepole, mabadiliko yaja kwa utaratibu. Ikishuka kwa haraka, jihadhari. Baharia mmoja mwenye chombo kimoja hupata dalili ya mahali pake tu. Kujua dhoruba iko wapi, na inaelekea wapi, kwahitaji vyombo vingi, watu wengi wanaoandika kwa saa moja, na njia ya kuzikusanya habari zao. Njia hiyo ilikuwa bado haijapatikana FitzRoy alipokuwa kijana.

Katika safari ile ndefu ya Beagle alikwenda na vipimahewa kadhaa, na upepo uliandikwa katika daftari la merikebu kwa tarakimu kutoka sifuri hadi 12, kwa mfano uliobuniwa na Francis Beaufort. Tarehe 13 Januari, 1833, mbele ya Rasi ya Horn, mawimbi makubwa matatu yaliifuata Beagle moja nyuma ya jingine. La tatu liliilaza ubavu, likavunja mashua yake moja, na kidogo tu merikebu ingepinduka. Ilisimama tena. Yeyote aliyekuwamo alielewa maana ya bahari kuchafuka.

Aliporudi kwao alikuwa mbunge kwa muda, na kuanzia mwaka 1843 hadi 1845 alikuwa gavana wa New Zealand. Huko alitamka kwamba walowezi wa Kizungu ndio waliokuwa na makosa katika mapigano ya Wairau, walipopambana na Wamaori juu ya ardhi. Walowezi walimchukia, fedha za serikali zilikwisha, naye akaondolewa. Sehemu hii ya maisha yake haituhusu sana, ila yaonyesha kwamba hakuwa mtu wa kusema neno la kuwapendeza watu.

Mwaka 1854 serikali ilimweka mkuu wa ofisi mpya ndogo chini ya Bodi ya Biashara, akiwa na makarani wachache. Kazi waliyompa ilikuwa ya daftari: kuwagawia manahodha vyombo vya kupimia, kukusanya maandishi yao, na kutengeneza ramani za pepo ili meli zifupishe safari. Hakuna aliyemwagiza kutangaza hali ya hewa ya kesho.

Mwaka huohuo, tarehe 14 Novemba, lilitokea jambo ambalo kila askari apasa kulijua. Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa vitani na Urusi huko Crimea. Majira ya baridi yalikuwa yakiingia, na majeshi yalikuwa katika mahema kuuzunguka mji wa Sevastopol. Tufani ikatoka Bahari Nyeusi ikayang’oa mahema na kuzitupa meli za majeshi juu ya miamba ya Balaklava. Meli ya Waingereza iitwayo Prince, iliyopakia nguo za baridi za askari, ilizama karibu na watu wake wote, na manowari ya Wafaransa, Henri IV, iliharibika pwani. Askari waliokosa makoti yale waliingia katika baridi kali wakiwa na nguo zilizochakaa, na wengi walikufa kwa baridi na maradhi. Serikali ya Ufaransa ilimtaka mtaalamu wa nyota, Le Verrier, achunguze. Alikusanya barua kutoka nchi nyingi akaona kwamba tufani ile haikuzuka Balaklava; ilikuwa imelivuka bara la Ulaya kutoka magharibi kwa muda wa siku kadhaa. Simu ya waya, ambayo habari yake husafiri upesi kupita upepo wowote, ingaliweza kuitangulia.

FitzRoy aliyafahamu hayo, lakini Waingereza waliamshwa na msiba wa nyumbani. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba, 1859, meli Royal Charter, iliyokuwa ikirudi kutoka Melbourne na wachimba dhahabu pamoja na mali yao, ilivunjika juu ya miamba ya kisiwa cha Anglesey, ikiwa karibu kabisa kufika Liverpool. Walikufa watu wapatao 450. Wengine walikuwa wamejifunga dhahabu mwilini, na uzito wake ukawazamisha. Katika dhoruba hiyo moja zilipotea meli zaidi ya 130, na idadi ya waliokufa pwani nzima yahesabiwa kuwa karibu 800.

Hapa ndipo tabia ya FitzRoy ilipoonekana. Alikusanya maandishi ya walinzi wa minara, manahodha na watu wa kawaida waliopenda kuangalia hali ya hewa majumbani mwao, akayachora katika ramani. Ramani zile zilionyesha hewa ya baridi kutoka kaskazini ikipambana na hewa ya joto na unyevu kutoka kusini, na upepo ukizunguka mahali zilipokutana. Tena zilionyesha kwamba pwani ya kusini ilikuwa imekwisha kupigwa saa kadhaa kabla ya Royal Charter kuangamia. Kama mtu wa kusini angalipeleka habari, nahodha wa kaskazini angalikuwa na nafasi ya kukimbilia bandari.

Basi akapanga utaratibu wake. Kuanzia mwaka 1860 vituo vya pwani vilimletea London kila asubuhi, kwa simu, habari za uzito wa hewa, joto na upepo. Yeye na wasaidizi wake walizilinganisha, na wakiona hatari walipeleka simu kwenye bandari na vituo vya walinzi wa pwani. Huko ilipandishwa mlingotini alama ya turubai jeusi ionekanayo kwa mbali: pia yenye ncha juu maana yake ni dhoruba kutoka kaskazini, ncha chini, kutoka kusini, ngoma pamoja na pia, upepo wa hatari kubwa. Usiku zilitumika taa. Mvuvi asiyejua kusoma aliweza kuelewa. Vilevile aligawa vipimahewa imara vitundikwe mahali pa wazi katika vijiji vya wavuvi maskini, pamoja na maelezo mafupi ya kuvisoma.

Maonyo ya kwanza ya dhoruba yalitolewa mwezi wa Februari 1861. Hali ya hewa ilionekana njema baadaye, na baadhi ya meli za pwani ya kaskazini mashariki zikatoka bandarini. Tarehe 9 dhoruba ikafika. Katika mji wa Whitby waokoaji walitoka na mashua yao mara kadhaa siku hiyo kuwanusuru mabaharia, na mwishowe mashua ikapinduka. Kati ya watu 13 waliokuwamo alipona mmoja tu, aliyekuwa amevaa koti la kuelea la namna mpya. Hata onyo la kweli, ndugu msomaji, halina nguvu ya kumshika mtu mkono.

Tarehe 1 Agosti, 1861, gazeti la The Times lilianza kuchapa makadirio yake ya hali ya hewa kwa watu wote. FitzRoy alichagua kwa makusudi neno la Kiingereza lililo mbali na uaguzi, akasisitiza kwamba haya ni maoni yaliyopatikana kwa hesabu na uzoefu, wala si unabii. Sisi katika Kiswahili twasema utabiri, neno ambalo mpiga ramli naye hulidai. Nadhani admirali asingalilipenda. Hata Malkia Victoria alituma watu kumwuliza kabla ya kuvuka bahari kwenda kisiwa cha Wight.

Ndipo lawama zilipoanza. Makadirio yalipotimia watu walinyamaza. Yalipokosea walicheka, na gazeti lilelile lililoyachapa likamkana. Wenye mashua za uvuvi walinung’unika kwamba pia ikipandishwa wavuvi hukataa kutoka, na siku ya faida hupotea. Wabunge waliulizia gharama za simu. Wataalamu walisema hana kanuni iliyothibitishwa, na katika hilo walikuwa na haki kiasi: elimu ya hewa ya siku zile haikutosha, na hesabu zenye nguvu ya kufanya kazi hiyo zilikuja katika karne iliyofuata. Lakini swali la FitzRoy halikuwa swali la maktaba. Mwenye habari nusu, naye aona dhoruba yaja, je, angoje ipatikane nusu ya pili? Mwenye kungoja hakosei kamwe, kwa kuwa hasemi neno. Maiti ndio watakaohesabiwa. Mwandishi huyu aona kwamba admirali alijibu vema.

Mwenyewe hakuwa na mahali pa kupumzika. Abiria wake wa zamani alikuwa ametoa mwaka 1859 kitabu chake juu ya asili ya viumbe, nacho kilimwumiza FitzRoy aliyeshika sana Biblia. Mwaka 1860 alikwenda Oxford kusoma makala juu ya dhoruba za Uingereza, akajikuta katika mjadala mkali juu ya kitabu hicho, akiinua Biblia mbele ya watu waliompuuza. Masikio yake yalidhoofika, na usingizi ukamtoroka. Mali yake karibu yote alikuwa ameitumia katika kazi za umma. Hata katika safari ya Beagle aliwahi kununua merikebu ya pili kwa fedha zake, na serikali ikakataa kumlipa. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 30 Aprili, 1865, alijitoa uhai nyumbani kwake, akiwa na cheo cha makamu wa admirali na umri wa miaka 59. Aliacha madeni. Rafiki zake walichanga paundi 3,000 kuyalipa, na katika hizo Darwin alitoa 100. Malkia aliwapa mjane na binti zake makao katika jumba la Hampton Court.

Baada ya kifo chake kamati ya wataalamu ilikagua kazi yake ikaona haina msingi wa kutosha, na mwezi wa Desemba 1866 maonyo yote ya dhoruba yalisimamishwa. Majira ya baridi yaliendelea bila alama mlingotini. Waliopiga kelele hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu wa bandari, manahodha na wavuvi, walewale waliosemekana kuchoshwa na pia na ngoma. Mwaka 1867 maonyo yalirudishwa. Makadirio ya magazetini yalingoja zaidi, hata mwaka 1879. Ofisi yake ndogo ndiyo iliyokua kuwa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, na tarehe 4 Februari, 2002, eneo la bahari magharibi ya Ufaransa na Hispania, ambalo hutajwa redioni kila siku katika habari za dhoruba kwa mabaharia, lilibadilishwa jina likaitwa FitzRoy.