Apolo Kivebulaya, mwalimu wa kusoma wa Boga

Mwezi huu tunaandikisha watu wazima wa darasa la kusoma, na ndugu waliotoka Ituri wametuomba tumkumbuke Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864, pacha, akaitwa Waswa. Jina la Kivebulaya lilitokana na koti jekundu la kiaskari alilovaa pamoja na kanzu. Watu wakasema ni kitu cha kutoka Ulaya. Ulaya yenyewe hakufika kamwe. Sisi tunaoteremka Gare du Nord kila Jumapili tumefika, na bado wapo kati yetu wasioweza kusoma barua ya komini.

Alibatizwa mwaka 1895. Siku hizo katika Kanisa la Anglikana la Uganda, aliyetaka ubatizo aliitwa msomaji tu. Mzee, kijana na mama waliketi pamoja mbele ya karatasi moja ya silabi, na wala hakuna aliyeona haya.

Mwaka 1896 alivuka kwenda Boga, ng'ambo ya mto Semliki. Walimu wawili walimtangulia huko wakaondoka, kwa sababu chifu Tabaro hakutaka walishwe. Apolo alishika jembe, akalima chakula chake mwenyewe. Kwetu hapo ndipo penye akili kubwa kuliko yote aliyoyafanya: darasa linalotegemea ghala la mtu mwingine hufungwa siku mtu huyo akikasirika.

Tabaro alikasirika kweli. Dada yake alipochomwa na mkuki kwa ajali akafa, lawama ilimwangukia Apolo. Akapigwa, akapelekwa Fort Portal kifungoni. Humo alimwona Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo asiogope. Alipoachiliwa alirudi Boga kulekule, na baadaye Tabaro naye akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, lakini hakuacha kufundisha. Aliyekwisha kujua kusoma alitumwa kijiji kingine akafundishe wenzake. Hakusubiri mtu awe bingwa. Akiwa na miaka karibu sitini, aliingia msituni kwa Wambuti. Lugha yao haikuwa na kitabu, naye akashughulikia tafsiri ya Injili ya Marko kwa ajili yao. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba kichwa chake kilazwe upande wa magharibi, kuelekea msitu wa Kongo, kinyume cha desturi.

Baadhi yetu tunafanya kazi hospitalini. Tumemwona mtoto wa miaka tisa akimsomea mama yake karatasi ya daktari, akafika mahali akanyamaza, maana lilikuwa jambo la mama asilopaswa mtoto kulijua. Mama alidhani karatasi imeisha.

Darasa la Jumamosi lina mwalimu mmoja na viti vimejaa. Hatuwezi kuongeza watu bila kuongeza walimu. Kwa hiyo ninyi mliomaliza mwaka jana, tunawaomba kila mmoja achukue meza ya watu watatu, hata kama bado anakwama kwenye maneno marefu. Akina mama wanaobaki nyumbani kwa ajili ya watoto, njooni nao; tutatandika mkeka pembeni, nao watasoma silabi zilezile. Majina yanaandikwa mlangoni baada ya ibada.