Mtoto wa mfalme aliyekiita kilele cha Ruwenzori Marguerite

Siku mawingu yanapofunguka, watu wa pande za Beni na Mutwanga wanaona weupe wa Ruwenzori kule juu. Kilele kikubwa kinaitwa Marguerite, mita 5109, cha tatu kwa urefu Afrika nyuma ya Kilimanjaro na mlima Kenya. Kiko kwenye mupaka wetu na Uganda. Lakini huyu Marguerite ni nani? Na nani alimpeleka kule kwenye barafu?

Ni Margherita, malkia wa Italia. Aliyemupa kilele ni mtoto wa shemeji yake, Luigi Amedeo, ambaye walimuita Mtawala wa Abruzzi. Alizaliwa Madrid tarehe 29 Januari 1873, wakati baba yake alikuwa mfalme wa Hispania. Wiki mbili tu kisha, baba akaacha kiti na familia ikarudi Italia. Mtoto akawekwa kwenye jeshi la majini tangu angali mdogo.

Bahari ilikuwa kazi yake, lakini roho ilikuwa milimani. Mwaka 1897 aliongoza watu wa kwanza kufika juu ya Saint Elias, kule Alaska. Mu 1899 akaenda na meli kutafuta ncha ya kaskazini ya dunia. Huko baridi ikamukula: walimukata sehemu ya vidole. Njo maana hakuweza kwenda na safari ya mwisho, akamuachia mwenzake Umberto Cagni, ambaye alifika mbali kuliko mtu yeyote wa wakati ule. Lakini watu watatu wa kikundi hicho walipotea kwenye barafu, hawakuonekana tena. Kwa hiyo alipofika Ruwenzori, hakuwa mtu wa kudharau baridi.

Alikuja mwaka 1906, kwa upande wa Uganda. Meli mpaka Mombasa, gari moshi mpaka ziwani, kisha miguu mpaka Fort Portal na bonde la Mobuku. Wazungu wengine walikuwa wamejaribu mbele yake, wakashindwa juu ya mvua na ukungu. Ruwenzori si mlima wa kupanda tu na nguvu za miguu. Kwanza kuna matope yanayomeza mguu mpaka gotini. Kisha mvua, karibu kila siku, nguo hazikauki. Kule juu kuna barafu yenye nyufa ambazo theluji inafunika, mtu anakanyaga akifikiri ni chini pagumu.

Mizigo ilibebwa na wapagazi. Wale wa inchi za chini hawakuweza baridi, na ni Bakonzo, ndugu za Banande wa huku kwetu, waliowafikisha mpaka kambi ya Bujongolo, karibu mita 3800. Kwa Bakonzo, kule kwenye theluji ni makao ya Kitasamba. Majina ya viongozi wazungu waliotoka Courmayeur yanajulikana mpaka leo: Petigax, Ollier, Brocherel. Ya Bakonzo hao, ramani haina hata moja.

Tarehe 18 Juni 1906 ukungu ulikuwa umefunga. Karibu na kilele, ukingo wa barafu ulikuwa umening'inia juu ya vichwa vyao. Petigax akapanda mabega ya Ollier, kisha kichwa chake, na viatu vyake vya misumari, mpaka akapata pa kushika. Hivyo njo walifika. Baadaye akapanda vilele vikubwa vingine, akapima, na mpiga picha Vittorio Sella akabeba picha za barafu ambayo leo imebaki kidogo sana. Waliopanda kutokea Mutsora, kupitia Kalonge, Mahangu na Kiondo, walikuta mawe mahali ambapo zamani kulikuwa barafu. Na hatari haikupungua: barafu ikiyeyuka, nyufa zinafunguka upya. Ugonjwa wa juu pia uko palepale. Kichwa kikiuma sana, unatapika, unaanza kuyumba, dawa ni kushuka, hata kama ni usiku.

Kushuka, yeye alijua. Mwaka 1909 alijaribu K2, akarudi. Akaenda Chogolisa, akafika karibu mita 7500, hali ya hewa ikaharibika, kilele kikiwa kimebaki mita 150 hivi. Akageuka. Ule mgongo wa K2 aliojaribu unaitwa Abruzzi mpaka leo, na Waitalia wenzake walipita hapo mu 1954, wakafika juu.

Kwenye vita ya kwanza ya dunia aliongoza meli za Italia. Kisha akahamia Somalia, inchi iliyokuwa chini ya Italia, akafungua mashamba makubwa karibu na mto Shebelle. Alikufa huko tarehe 18 Machi 1933, akazikwa hukohuko.

Yeye mwenyewe hakujipa mlima hata mmoja Ruwenzori. Kimoja alikiita Thomson, jina la msafiri Mskoti, lakini wanajiografia wa London wakalibadilisha: leo kinaitwa Luigi di Savoia.