Tippu Tip, mtu wa pembe za piano

KALEHE – Tembo wa milima ya Kahuzi-Biega, juu ya Kalehe, waliuawa karibu wote wakati wa vita vya miaka ya 1990. Lakini biashara ya pembe katika mashariki ya Kongo ni ya zamani, na aliyejulikana kupita wote ndani yake ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Pembe nyingi za wakati wake ziliishia kwenye piano.

Watengenezaji wa piano huchagua sana. Sufu ya kuzimisha nyuzi inapaswa kuwa laini, na kwa vibao vyeupe 52 walitaka pembe laini pia. Pembe za mashariki ya Afrika ndizo walizopenda: zilikatika vizuri na hazikupasuka upesi kama zile ngumu za magharibi. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, huko Connecticut, Marekani, vilizinunua Unguja, vikazikata vipande vyembamba na kuvianika juani chini ya vioo mpaka viwe vyeupe.

Tippu Tip alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, naye akaingia njia hiyo hiyo akiwa kijana. Mwaka 1867 alimshinda chifu Nsama wa Itabwa na kuteka ghala yake ya pembe. Mwenyewe alisema jina lake ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni macho yake yaliyopepesa.

Utetera aliupata kwa ulimi. Alisikia kwamba dada wawili wa chifu mzee Kasongo Rushie walitekwa zamani, akadai ametokana na mmoja wao. Mzee aliamini, akamwachia utawala, na pembe za nchi zikawa zake.

Toka Maniema mpaka pwani zilikwenda mabegani mwa watu, miezi na miezi. Wengine walikuwa wapagazi wa mshahara, wengine watumwa waliotekwa katika vijiji vilivyochomwa. Mpiga piano wa Boston hakuambiwa hayo dukani.

Mwaka 1887 Stanley alikubaliana naye kwa niaba ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, awe gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alikubali, lakini Wazungu walitaka pembe hizo zishuke mto Kongo, zisiende tena Unguja. Mwaka 1890 aliondoka. Vita vilianza mwaka 1892. Mwaka uliofuata mji wa Kasongo ulianguka na mwanawe Sefu akauawa.

Yeye alikuwa Unguja, akisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyeyachapisha. Malaria ilimuua Juni 1905, na nyumba yake ingali Mji Mkongwe.