Maisha ya Benvenuto Cellini, Sonara wa Florence

Wengi wetu tumeziona katika picha na katika michezo ya kuigiza zile panga za Ulaya ya zamani, zenye mipini iliyosukwa na mabapa yaliyotiwa nakshi. Siku hizi panga za namna hiyo huigizwa kwa wingi, hasa katika mji wa Toledo, nchi ya Hispania. Huuzwa zikiwa butu, zivaliwe na waigizaji au zitundikwe ukutani. Vijana wameniuliza mara kwa mara upanga usioweza kukata hata muhogo una maana gani. Ili kuwajibu, nawaletea habari za mtu aliyezijua silaha kwa njia mbili, yaani kuzipamba na kuzitumia.

Benvenuto Cellini alizaliwa Florence, nchi ya Italia, tarehe 3 Novemba, 1500. Baba yake, mzee Giovanni, alikuwa mpiga muziki na fundi wa ala za muziki, naye alitaka sana mwanawe awe mpiga filimbi. Kijana alipiga filimbi ili kumridhisha mzee wake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye dhahabu. Alipopata miaka 15 akaingia kazini kwa sonara. Haukupita muda mrefu akajitia katika ugomvi wa barabarani, akafukuzwa mjini kwa miezi sita. Basi tangu ujana wake mambo mawili yalikwenda pamoja: mkono hodari na hasira kali.

Mwaka 1519 alikwenda Roma kutafuta kazi. Wakati mmoja akaletewa kuona majambia madogo ya Kituruki. Bapa, mpini na ala yake vyote vilikuwa vya chuma, navyo vilichorwa majani kwa vyombo vya chuma, kisha michoro ikajazwa dhahabu. Ninyi mlioona jambia la Kiomani lililopambwa kwa fedha, linalovaliwa siku ya harusi au sikukuu, mtafahamu jinsi alivyovutiwa. Cellini hakuwahi kufundishwa kazi ile, lakini alijaribu, akatengeneza majambia kadhaa. Wala hakuiga tu. Alichimba chuma kwa kina zaidi kuliko Waturuki, na badala ya majani yao akatia nakshi zilizopendwa na mafundi wa kwao. Yeye mwenyewe, ambaye hakuona haya kujisifu, asema katika kitabu cha maisha yake kwamba kazi yake ilishinda ile aliyoiiga.

Laiti angeishia hapo! Mwaka 1527 Roma ilipovamiwa na kuporwa, alikaa katika ngome ya Castel Sant'Angelo akipiga mizinga kumlinda Papa Clement VII. Mwaka 1529 ndugu yake mdogo, aliyekuwa askari, alipigwa risasi akafa. Benvenuto akamvizia aliyempiga, akamwua kwa jambia. Mwaka 1534 akamchoma Pompeo, sonara mwenzake waliyekuwa wakichukiana, naye akafa. Papa mpya, Paul III, alimsamehe, maana fundi wa namna ile alikuwa adimu. Lakini maadui hawakusahau. Mwaka 1538 alishtakiwa kwamba aliiba vito vya Papa wakati wa ule uvamizi, na ngome aliyoilinda ikawa gereza lake. Akatoroka kwa kuteremka ukutani kwa mashuka yaliyofungwa pamoja, akaanguka na kuvunjika mguu, akakamatwa tena. Hasira hasara.

Alipofunguliwa alikwenda Ufaransa mwaka 1540 kumtumikia Mfalme Francis I. Huko alimaliza chombo cha dhahabu cha kuwekea chumvi mezani, ambacho sasa kimo katika jumba la makumbusho la Vienna. Mwaka 1545 akarudi kwao Florence, na Mtawala Cosimo akamwagiza sanamu ya shaba ya Perseus, shujaa wa hadithi za Wayunani, ameshika upanga mkono mmoja na kichwa cha Medusa mkono wa pili. Siku ya kuyeyusha shaba, Cellini alishikwa na homa kali akalala kitandani. Alipoambiwa kwamba madini yameganda tanurini, akaruka, akaongeza kuni za mwaloni, kisha akatupa ndani sahani zake zote za nyumbani, zipatazo 200, ili shaba itiririke. Sanamu ikapona. Ilifunuliwa mbele ya watu mwaka 1554, na mpaka leo inasimama uwanjani Florence.

Mwaka 1558 alianza kueleza maisha yake huku kijana mmoja akiandika, na mwenyewe akiendelea na kazi. Alifariki tarehe 13 Februari, 1571. Kitabu chake kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1728, na sifa zake zikaenea hata kila silaha yenye nakshi nzuri ikadhaniwa ni yake. Katika ngome ya Windsor, Uingereza, iko ngao iliyoitwa ngao ya Cellini kwa miaka mingi, kumbe mfanyaji wake ni Eliseus Libaerts wa Antwerp.

Haya ndiyo majibu yangu kwa wale vijana. Majambia aliyoyachomoa Cellini kwa hasira yalimpa maadui na kumwachia damu mikononi. Upanga wake unaojulikana kuliko yote ni ule wa Perseus, nao haujamjeruhi mtu. Basi tusidharau silaha ya pambo kwa sababu haikati. Tutazame kama aliyeitengeneza alijifunza kweli, kama Cellini alivyojifunza kwa Waturuki, kisha akatia majani ya kwao. Na tukiisha kuusifu mkono wake, tusiifuate hasira yake.