Joseph Hooker: alimwacha mchumba Uingereza, akapanda Himalaya, zikabaki barua

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka tumwongelee mzungu mmoja wa enzi za Malkia Victoria, jamaa aliyeitwa Joseph Dalton Hooker, mtaalamu wa mimea. Wengi wenu jina hili ni geni. Ila kama shuleni ulisoma habari za Charles Darwin, basi jua kwamba huyu ndiye alikuwa mmoja wa marafiki zake wa karibu kabisa. Mwaka 1844 Darwin alipoanza kumnong'oneza mtu kwamba anaamini viumbe hubadilika, aliyenong'onezwa ni huyu Hooker, tena kwa barua.

Lakini sitawachosha na sayansi tupu. Nataka tuangalie upande ambao vitabu vya shule haviugusi: mchumba wake, barua zake, na miaka mitatu na ushee ya kusubiri.

Hooker alizaliwa Juni 30, 1817, huko Halesworth, Uingereza. Baba yake, Sir William Hooker, naye alikuwa mtu wa mimea, na mwaka 1841 akapewa kuiongoza Bustani ya Kew, London. Kwa hiyo kijana alikulia kwenye majani makavu na vitabu. Akasomea udaktari, na mwaka 1839, akiwa na miaka 22, akaingia kwenye meli ya kivita iitwayo Erebus kama daktari msaidizi. Meli ile ilikwenda bahari za kusini kabisa, kwenye barafu, na ikarudi mwaka 1843.

Miaka minne baharini si mchezo. Akiwa huko huko, mwaka 1840, kaka yake mkubwa alifariki Jamaica kwa homa. Unadhani Hooker alijuaje? Kwa barua, tena miezi mingi baada ya mazishi. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna simu, hakuna ujumbe, hakuna chochote. Mtu wako anakufa, anazikwa, matanga yanakwisha, wewe bado uko kwenye barafu unamwazia kwamba yu mzima.

Kwa hiyo mwaka 1847 alipotaka kusafiri tena, alikuwa anajua fika nini maana ya kuwa mbali na nyumbani. Na safari hii alikuwa anaacha mtu mwingine: mchumba wake, Frances Henslow.

Sasa hapa ndipo habari inapokuwa tamu. Baba yake Frances alikuwa Mchungaji John Henslow, profesa wa mimea pale Cambridge na mwalimu wa Darwin. Mwaka 1831 nafasi ya kwenda na meli ya Beagle kuzunguka dunia ilipitia mikononi mwake, na yeye mwenyewe karibu aichukue. Kilichomzuia ni kwamba alimtazama mkewe usoni, akaona majonzi aliyokuwa nayo, akaamua palepale kubaki nyumbani. Nafasi ikaenda kwa Darwin, na mengine mnayajua. Frances wakati huo alikuwa mtoto mdogo tu.

Miaka 16 baadaye zamu ikawa yake. Mama yake alimzuia mume asiende, tena bila hata kusema sana. Yeye akamwacha mchumba aende.

Kwa nini Hooker asingeoa kwanza? Wadau, jibu ni pesa. Alikuwa na jina kubwa kwenye sayansi lakini hakuwa na kazi ya kudumu ya kutunza familia. Serikali ilikubali kumpa pauni 400 kwa mwaka akakusanye mimea India. Hesabu yake ilikuwa kwamba akirudi na mali ya kisayansi ya kutosha, ndipo milango ya ajira itafunguka. Vijana wa leo mnaokwenda nje kutafuta maisha huku mchumba kabaki, hii si hadithi ngeni kwenu.

Akaondoka Novemba 1847, akapitia Misri, akafika Calcutta Januari 1848. Kuanzia Aprili akawa Darjeeling, mji wa milimani, na kutoka pale akawa anaiona Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Mwezi Oktoba akaingia mashariki mwa Nepal na msafara wa watu 56. Wapo wapagazi, walinzi, wapishi, wapanda miti wa kuchuma maua, na watu wa kukausha mimea kwenye karatasi. Wengi wao walikuwa wenyeji wa milima ile, nao ndio waliojua njia. Sifa zimebaki na jina moja tu, lakini mgongo uliobeba mzigo ulikuwa wa wengine.

Mwaka 1849 akaingia Sikkim, nchi ndogo ya milimani kati ya India na Tibet. Huko alikutana na mvua zisizokatika, ruba wa kunyonya damu miguuni, madaraja ya fito yanayoning'inia, na hewa nyembamba ya kupasua kichwa. Mbwa wake aliyempenda sana, Kinchin, alianguka kwenye daraja la namna hiyo akachukuliwa na maji. Alifika njia ya mlimani ya Donkia, zaidi ya futi 18,000 kutoka usawa wa bahari. Wakati ule wazungu waliowahi kupanda juu kiasi hicho walikuwa wa kuhesabu.

Na usiku, ndani ya hema, kwenye baridi, jamaa anaandika barua. Kwa baba yake anaeleza mimea na mbegu. Kwa Darwin anajibu maswali ya sayansi. Kwa mama yake na kwa Frances anasimulia safari, watu na milima. Barua inashushwa na mtu kwa miguu hadi Darjeeling, inakwenda Calcutta, inapanda meli hadi Suez, inavuka Misri kwa nchi kavu kwa sababu mfereji ulikuwa bado (ulifunguliwa 1869), kisha inapanda meli nyingine hadi Uingereza. Ni wiki kwa wiki. Jibu nalo linarudi kwa njia ile ile. Ukiuliza swali Machi, shukuru Mungu ukipata jibu kabla mwaka haujageuka sana.

Kitu kingine cha kufikiria. Barua za msafiri wa aina hii hazikuwa siri. Zilisomwa na ndugu, zikazungushwa kwa marafiki, na baba yake alichapa sehemu ya habari zake kwenye jarida lake la mimea. Kwa hiyo Frances hakuwa peke yake kumsubiri. Alikuwa anagawana mchumba wake na familia nzima, na wasomi wa Kew, na wasomaji wa jarida.

Halafu likaja balaa. Mtawala wa Sikkim na waziri wake mkuu hawakufurahia mzungu kuzunguka nchini mwao akipima milima na kuchora ramani. Mara kadhaa vijiji viliambiwa visimpe chakula. Hooker akaendelea tu. Oktoba 1849 akajiunga naye Dk. Archibald Campbell, ofisa wa Kiingereza wa Darjeeling, na wakavuka mpaka wakaingia Tibet bila ruhusa. Waliporudi upande wa Sikkim, Novemba 7, wakakamatwa. Campbell alipigwa na kufungwa kamba. Hooker hawakumgusa, shida yao ilikuwa na ofisa, lakini alikataa kumwacha mwenzake. Na humo humo kwenye kifungo, wakitembezwa njiani, aliendelea kukusanya mbegu.

Waliachiwa na kufika Darjeeling mkesha wa Krismasi, Desemba 24, 1849. Sasa jiweke kwenye nafasi ya Frances. Habari za kukamatwa nazo zilisafiri kwa mwendo ule ule wa meli. Mtu wako alikuwa kifungoni karibu wiki saba, na wakati wewe unaanza kulia yeye pengine ameshaachiwa na anakunywa chai. Huwezi kujua. Barua inakuambia alivyokuwa, haikuambii alivyo.

Tusifiche na upande mwingine. Kwa kukamatwa kule, Waingereza waliiadhibu Sikkim. Mwaka 1850 walimkatia mtawala posho aliyokuwa akilipwa kila mwaka, na wakamnyang'anya eneo kubwa la kusini, pamoja na ardhi nzuri ya tambarare. Sisi tuliotawaliwa tunaijua michezo hii. Mtu anakuja kutafuta maua, anakatazwa, anapita, anazuiwa, na mwisho wake nchi inapungua. Hooker alikuwa mtu wa maua kweli, lakini alitembea chini ya kivuli cha bendera, na wenye nchi hawakuwa wajinga kumtilia shaka.

Alirudi Uingereza Machi 1851. Miaka mitatu na miezi minne imepita. Akamkuta Frances bado yupo. Mwaka huo huo wakafunga ndoa, bwana ana miaka 34. Mimea aliyokusanya India ilikuwa ya aina elfu kadhaa. Maua ya rododendroni aliyoyaleta yaligeuza bustani za matajiri wa Uingereza, na mwaka 1854 kitabu chake cha safari kikatoka. Akakitoa kwa heshima ya rafiki yake Darwin. Kazi ya kudumu ilipatikana mwaka 1855, akawa naibu wa baba yake Kew, na mwaka 1865 akarithi kiti cha ukurugenzi.

Frances naye hakuwa mama wa nyumbani wa kupika na kunyamaza. Alizaa watoto saba, na katikati ya malezi hayo akatafsiri kitabu kikubwa cha elimu ya mimea kutoka Kifaransa, kilichotoka mwaka 1873, mumewe akikiongezea maelezo. Ukiona tafsiri ya kitabu kizito kama kile, jua huyo ni mwanamke aliyeijua fani. Alikulia nyumbani kwa profesa, akaolewa na profesa wa aina yake.

Misiba pia iliwapata. Mwaka 1863 binti yao Maria, waliyemwita Minnie, alifariki akiwa na miaka sita. Hooker akiwa ametoka tu kumzika alikaa akamwandikia Darwin, ambaye naye alishafiwa na binti yake Annie mwaka 1851. Wanaume wawili wa sayansi, wamejaa vyeo, lakini siku ya msiba wanaandikiana kama baba na baba.

Kisha Novemba 1874 Frances mwenyewe akafariki ghafla. Hooker alikuwa mkurugenzi wa Kew na pia rais wa Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi Uingereza. Akabaki na watoto sita. Mwaka 1876 akaoa tena, akamwoa mjane aitwaye Hyacinth Jardine, na wakapata watoto wawili wa kiume. Mwaka 1877 alisafiri Marekani hadi California kuangalia mimea, akiwa na miaka 60.

Na sisi huku tuliingiaje kwenye barua zake? Tuliingia. John Kirk, yule balozi wa Uingereza Zanzibar, naye alikuwa mtu wa mimea, na alikuwa akiandikiana na Kew na kupeleka vielelezo. Mwaka 1871 mmisionari Charles New alipanda Kilimanjaro hadi kufika kwenye theluji, akachuma mimea ya huko juu. Mimea hiyo ilifika Kew, na Hooker ndiye aliyeandika habari zake kwa wanasayansi. Yaani mzee alijua majani ya Kilimanjaro bila kuukanyaga mlima.

Hooker alifariki Desemba 10, 1911, akiwa na miaka 94. Baada ya hapo, nani alikusanya na kupanga barua zake ili maisha yake yaandikwe? Ni Hyacinth, mke wa pili. Kitabu kilitoka mwaka 1918 kwa juzuu mbili, kimeandikwa na Leonard Huxley kwa kutumia yale aliyoyapanga mama huyu. Ebu fikirieni. Mjane anakaa mezani, anapanga barua za miaka yote ya mumewe, zikiwamo za ujana wake, za enzi ambazo moyo wake ulikuwa kwa mwanamke mwingine. Angeweza kuzitia moto, nani angemuuliza? Hakufanya hivyo. Barua nyingi ziko Kew mpaka leo, na wameshaziweka kwenye intaneti, yeyote mwenye bando anaweza kuzisoma.

Mimi nikimaliza habari hii, ninayemuwaza zaidi si aliyepanda Donkia. Namuwaza Frances, dirishani Uingereza, akihesabu meli. Yule wa mlimani alikuwa na milima ya kuangalia na kazi ya kumfanya asahau. Huyu wa nyumbani alikuwa na karatasi tu, tena ya miezi miwili iliyopita. Na hakuna bustani iliyopewa jina kwa sababu ya subira yake.

Swali la leo wadau: mama alimzuia mume kwa macho tu, binti akamwachia mchumba aende miaka mitatu. Wewe ungekuwa yupi? Maoni ruksa hapo chini, matusi hapana.